Maman Eulalie, Aliyehesabu Hata Waliolala

Tarehe 31 Julai, baada ya miaka ishirini na mitatu ya kazi, Maman Eulalie Nsimire anastaafu. Alianza tulipokuwa chumba kimoja cha kutengeneza simu hapa Ibanda, akiandika majina ya wateja kwenye vipande vya sparadra, ile plasta ya vidonda, na kuvibandika mgongoni mwa simu zao. Leo tunatengeneza programu za simu, tuko wafanyakazi wanane, na sparadra bado ipo.

Kwa miaka kumi na miwili ya mwisho kazi yake ilikuwa kupima. Hakuna programu iliyotoka ofisini kabla ya kupita kwenye droo yake yenye simu thelathini na moja za kila umri, nyingine zimepasuka vioo. Watengenezaji wa programu waliiogopa droo hiyo kuliko walivyomwogopa Directeur Jean-Claude, ambaye naye, tuseme ukweli, aliiogopa. Maman hakugombana na mtu. Aliyekosea kidogo alikuta karanga moja juu ya kompyuta yake. Aliyekosea sana alikuta mbili. Kuna mmoja tu aliyewahi kupewa bakuli zima, na bakuli hilo lazima tulisimulie leo, mwenyewe atake asitake.

Miaka miwili iliyopita, ushirika wa wakulima wa muhogo wa Luvungi ulituomba programu ya kutazama picha ya jani na kusema kama mmea ni mgonjwa. Hiyo ni kazi nzito kwa simu, kwa hiyo programu huigawia viini vya prosesa, zile sehemu zinazopiga hesabu, ambazo wauzaji wetu wa simu huziita cœurs. Ili igawe kazi, lazima kwanza ijue viini ni vingapi. Mtaalamu wetu mmoja, ambaye jina lake tunalihifadhi kwa sasa, aliandika mstari mmoja wa kuiuliza simu. Simu ikajibu nane, naye akapiga mluzi. Akaongeza amri kwamba simu yenye viini chini ya vinne ikataliwe kwa heshima.

Haukupita muda Maman Rosette, mwenyekiti wa ushirika, akaingia ofisini na simu mkononi. Kati ya simu arobaini walizogawiwa, zaidi ya nusu zilikuwa zikiwaambia wenyewe kwamba ni dhaifu mno. Zilibaki siku tisa wapande, na muhogo hupandwa kwa miti iliyokatwa kwenye mimea iliyopo.

"Telefone ni ileile mulituonyesha," alisema bila kukaa. "Hapa inakubali, kule inatukatalia. Sasa shiye tupande miti ya bugonjwa juu ya ile application yenu?"

Mtaalamu alijibu kwa ripoti ya kurasa tatu, Kifaransa safi, akithibitisha kwamba simu za Luvungi ni bandia. Maman Eulalie aliisoma yote, akacheka hadi akavua miwani. Kisha akachukua simu ya Rosette, ambayo kwenye chaji hapa ofisini ilikuwa imejibu nane. Akaichomoa, akaiweka kwenye hali ya kubana betri, akaiacha mezani na kwenda kula bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Aliporudi akaiuliza kwa mstari uleule. Ikajibu mbili.

Simu za aina ile zikibana betri hulaza viini visivyo na kazi, na mstari wetu ulihesabu vilivyo macho tu. Mezani kwa mtaalamu simu ilishinda kwenye chaji. Luvungi chaji ni ya sola, na hakuna anayeichezea; simu hubana betri kutwa. Maman ni katibu wa kwaya kule Nguba, na daftari lake lina waimbaji arobaini na wawili. Mvua ikinyesha wanakuja sita, na padri akiuliza idadi, anajibiwa arobaini na wawili. Basi akatuonyesha kwamba ndani ya simu kila kiini kina folda yake, cpu0, cpu1, na kuendelea, na kiini kikilala folda haiondoki. Tuhesabu folda, alisema.

Mtaalamu akahesabu, akaitangazia ofisi nzima kwamba simu ya Rosette ina viini kumi. Directeur alipiga makofi. Maman hakupiga. Alisogeza bakuli la karanga, lote, mbele ya mheshimiwa yule. Mtaalamu alikuwa amehesabu kila folda yenye jina linaloanza na cpu, zikiwemo cpufreq na cpuidle, ambazo kazi yake ni kupanga kasi na usingizi wa viini.

"Armoire, kabati ya kwaya, ata ikuwe mu chambre moja na waimbaji," alimwambia polepole, "yenyewe haiimbake."

Tukahesabu tu folda ambazo baada ya cpu zina namba peke yake. Marekebisho yalifika Luvungi siku tano kabla ya kupanda, na simu zote arobaini zikakubali kazi. Rosette alianza na shamba lake mwenyewe, akaambiwa ni gonjwa. Alinuna siku nzima, kisha akachoma miti yake na kuomba mingine kwa jirani. Baada ya mavuno alituletea kiroba cha muhogo, kimeandikwa jina la Maman Eulalie peke yake. Sisi wengine tulionjeshwa kwa huruma.

Tutamkosa mno, na hatuoni sababu ya kulificha hilo. Wiki iliyopita Directeur aliagiza orodha mpya ya wafanyakazi, yenye majina saba. Tulikataa sote: folda ya aliyelala haiondoki. Hoja hiyo aliitambua mara moja, maana ilitoka kwenye droo anayoiogopa. Droo hiyo inabaki, na sparadra yenye jina la Maman inabaki juu yake.

Asante, Maman. Uimbe kwa nafasi, ulale mchana bila kuona haya, na karanga zako sasa uzile mwenyewe. Atakayetuuliza tuko wangapi, tutamjibu wanane.

Parfait,
mtaalamu wa viini kumi