Bwana Alivunja Komeo la Mlango Wangu

Asifiwe Bwana afunguaye milango, ndugu zangu, na aivunjaye pale tunapojifungia ndani! Ninawasalimu ninyi mlioketi kwenye viti. Ninawasalimu pia ninyi mliosimama nje karibu na dirisha, mnaosikiliza kama watu waliokuwa wakipita tu. Ninawajua. Hapo hapo nilisimama mimi.

Mnaniita Mama Merveille. Ninasuka nywele hapa mtaani kwetu Manika, karibu na soko, na vichwa vya dada wengi waliomo humu vimepita mikononi mwangu. Kwa hiyo nikisema nilikuwa mlevi, baadhi yenu mtashangaa. Jumatatu mlinikuta saluni nimeoga, kitenge kimepigwa pasi, mkono hautetemeki. Jumanne vivyo hivyo. Mlevi gani huyo? Hata mimi nilijiambia kwamba mlevi ni yule baba anayelala mtaroni kila siku ya Mungu. Mimi nilikuwa na Ijumaa tu.

Lakini Ijumaa yangu haikuwa na mwisho! Nikishafunga saluni nilikwenda na wenzangu kwenye nganda, ile baa ya viti vya plastiki nyuma ya soko. Chupa ya kwanza ilinichekesha. Ya pili ilinifanya nione kwamba ninapendwa. Zilizofuata sina habari zake. Kisha nilibeba nyingine nyumbani, nikafunga mlango kwa komeo, nikaendelea peke yangu mpaka Jumapili, pazia limeshushwa. Komeo hilo mlikumbuke, ndugu zangu. Lilikuwa la chuma, juu kabisa ya mlango, gumu, na nililipenda kuliko nilivyopenda watu.

Ndani ya giza lile alikuwamo binti yangu Merveille, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Alikuwa akiniambia kwa sauti ndogo, "Mama, lala. Mi nitachunga mulango." Mtoto ananichungia mlango!

Jumamosi moja ya msimu wa baridi niliingiza ndani mbabula, lile jiko letu la makaa, ili nyumba ipate joto. Nikabandika maharage, nikafunga dirisha, nikasukuma komeo, nikanywa, nikalala. Moshi wa makaa hauna kelele. Unamchukua mtu kama mama anavyomchukua mtoto mgongoni, taratibu, na mtu hajui kama amebebwa. Merveille alihisi kichwa kinazunguka. Alitaka kufungua, komeo likamshinda, mkono wake haukulifikia. Akachukua mwiko wa ugali, akaanza kupiga mlango.

Aliyesikia ni jirani yangu, Mama Ngoie. Ninyi nyote mmekunywa munkoyo wake: uji mwepesi wa mahindi unaotiwa mizizi iliyopondwa, ukalala usiku mmoja, asubuhi ukawa mtamu kiasi kwamba hata mtoto mchanga anaweza kuunywa. Siku ile alikuwa anaponda mizizi. Alikuja na mchi mkononi, na kwa mchi huo huo akaupiga mlango wangu mpaka komeo likang'oka na mbao zake. Nilizinduka nimelazwa uani, nikaona anga. Nikageuza kichwa, nikamwona mwanangu amepiga magoti mchangani, anatapika, yuko hai. Yuko hai, ndugu zangu! Mpeni Mungu utukufu!

Siku ile ile dada yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita yaya, alikuja kutoka Musonoi, ile cité, mtaa ulio kando ya mashimo ya mgodi. Hakunitukana. Alikunja nguo za mtoto moja moja, kisha akaniambia, "Mi namubeba mutoto. Siku utakuwa mutu, utanionyesha." Wakapanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, Merveille katikati, kati ya mgongo wa dereva na tumbo la mama yake mkubwa. Hakulia. Nilisubiri alie, nipate sababu ya kukimbia nyuma yao. Hakulia, na vumbi jekundu likawafunika.

Basi nikaja hapa. Mliniombea. Pombe niliiacha siku hiyo, na tangu hapo haijapita kooni. Nawasikia mnasema Amina, na Amina hiyo ni ya kweli. Lakini niruhusuni niseme jambo ambalo katika ushuhuda watu huliruka haraka. Bwana aliiondoa chupa, akaiacha nafasi yake wazi. Na nafasi ile, ndugu zangu, ilikuwa kubwa kama mashimo ya Musonoi!

Sikujua kwamba marafiki zangu wote walikuwa marafiki wa chupa. Ijumaa ya kwanza mmoja alipita saluni akanikuta nafagia. "Mama Pasteur!" akapiga kelele hadi barabarani, kana kwamba nimeolewa na mchungaji. "Utatuombea? Kiti yako tunaiachia nani, Roho Mutakatifu?" Wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu nilitaka wabaki kidogo. Hawakubaki. Simu yangu ikanyamaza kama jiwe. Niliitikisa, nikaizima na kuiwasha, nikidhani imeharibika.

Na jina langu! Kila mtu aliyenisalimu barabarani aliniita kwa jina la mtoto ambaye hakuwapo. "Mama Merveille, jambo!" Jambo sana. Nilijibu, nikaingia nyumbani, nikapika sima ya mtu mmoja. Mmewahi kupika sima ya mtu mmoja? Mkono haujui kipimo. Kila siku ilibaki, kila siku nikaitazama.

Mama Ngoie aliona. Alhamisi moja alinijia na dumu la plastiki, lile tunaloliita bidon, limejaa munkoyo wa asubuhi ile. Akaniambia, "Kunywa leo, malizia kesho. Ukiiacha inakaa, itakuwa kitu ingine." Kila mtoto wa Katanga anajua hilo. Munkoyo ukilala siku moja ni kinywaji cha watoto, ukilala zaidi ni pombe kamili. Unachacha, unachemka wenyewe bila moto, na unaangusha wanaume.

Nilimshukuru. Na sikuunywa.

Nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo mapambano yalipokuwa. Nilijiambia ninautunza kwa Jumapili, huenda yaya atamleta mtoto tukanywa pamoja. Yaya hakuwa ameahidi. Ijumaa nililitoa dumu kivulini nikaliweka kando ya ukuta unaopigwa na jua, nikajiambia ni kwa sababu ya kufagia pale. Jumamosi nililegeza kifuniko, kidogo tu, hewa itoke, dumu lisipasuke. Midomo yangu ilikuwa inaimba wimbo wa ibada huku vidole vyangu vinalegeza kifuniko! Hakuna shetani aliyekuja na pembe. Nilijipikia mwenyewe, ndugu zangu, kwa jua la Mungu mwenyewe.

Jumapili tulitoka ibadani. Mnajua tunavyotoka: kila familia inashikana mikono, watoto wanakimbia mbele, akina mama wanaulizana watakula nini. Nilitembea nyuma yenu. Nilifika nyumbani mchana, na mchana wa Jumapili ndio saa ndefu kuliko zote kwa mtu aliyekuwa akiupoteza kwa kulewa. Muziki wa nganda ulikuwa umeanza kule nyuma ya soko. Nilikuwa nauchukia. Kisha umeme ukakatika, muziki ukafa katikati ya neno, nikajua kwamba kilichokuwa kibaya zaidi ni ukimya. Hapo kwenye bwawa la Nzilo mto Lualaba unatoa umeme usiku na mchana, na sisi majirani zake tumekaa na mishumaa. Hata umeme ulikuwa umenihama!

Nikaleta dumu ndani. Nilipofungua, lilitoa pumzi: sss. Harufu ikaja, kali, tamu, harufu ninayoijua. Nikamimina kopo moja, povu likapanda hadi ukingoni. Nikasema moyoni, ni munkoyo tu. Hakuna atakayesema nimekunywa pombe. Mama wa kanisa lolote anakunywa munkoyo.

Kopo likiwa mezani, nikaenda kufunga mlango.

Tangu siku ya moshi mlango ule haukuwa na komeo. Palibaki tundu na vipande vya mbao vilivyochanika, na upepo uliusukuma ulivyotaka. Nikachukua kiti nikaanza kukiegemeza mlangoni, niubane. Ndipo nikaona mkono wangu. Sikusikia sauti kutoka mbinguni, ndugu zangu, sitawadanganya. Niliona mkono wangu umeshika mgongo wa kiti, na mbele yake lile tundu la mchi. Mlango uliovunjwa ili mwanangu apumue, mimi natafuta kitu cha kuufunga! Kama ni munkoyo tu, ninamficha nani?

Niliachia kiti. Nilisema, "Bwana, toka na mimi nje, maana peke yangu sitoki." Nikarudisha kile kilichokuwa koponi ndani ya dumu, povu likanimwagikia mkononi, nikapangusa mkono kwenye kitenge changu cha ibada kwa kuogopa kuulamba. Nikatoka.

Uani kwa Mama Ngoie palikuwa na watu kwenye benchi: bibi mmoja wa mtaani, na vijana wawili wa taxi-moto wamepumzika. Nilitamani asiwepo mtu. Walikuwepo wote.

"Mama Ngoie, nimekuletea munkoyo wako. Umechacha."

Kijana mmoja akaruka kutoka kwenye benchi. "Umeiva kabisa! Mama, leta huku, mi nakusaidia huo muzigo!"

Wakacheka. Mama Ngoie alifungua kifuniko, akanusa, akanitazama. Akauliza taratibu, "Ulisahau?"

Ndugu zangu! Alinifungulia njia ya kupita na heshima yangu yote. Neno moja tu, ndiyo, na ningerudi nyumbani mwanamke msahaulifu. Na wiki iliyofuata ningesahau tena.

Nikasema, "Sikusahau. Niliuweka juani."

Bibi akatazama miguu yake. Mama Ngoie akanyanyua dumu, akalipeleka kwenye mtaro, akalimwaga lote, glu, glu, glu. Kijana akashika kichwa. "Eh mama! Unazika mutu angali muzima!"

"We nyamaza, ao nakuzika naye," akamjibu bila kugeuka. Kisha akapangusa sehemu ya benchi kwa kitambaa chake. "Mama Merveille, ikala hapa."

Nikakaa. Akachota munkoyo wa siku ile, akanipa kopo.

"Kosa iko yangu pia," akasema. "Nilikupa bidon muzima sawa vile uko na batu mu nyumba. Munkoyo haiko ya mutu mumoja. Sitakupa tena. Kila magaribi utakuya, kopo yako iko hapa, utakunywa mi nikikuona."

"Na mi je?" kijana akauliza.

"We unalipa."

Nilikunywa. Nililia, nikacheka, pua ikanitoka, na hakuna aliyeondoka kwenye benchi. Nikawakumbuka wana wa Israeli jangwani. Mungu aliwapa mana ya siku moja. Waliojificha na akiba hemani waliamka na funza. Bwana anajua kinachotupata tukijifungia na chakula chake! Rehema yake huja mbichi, na huja mahali penye watu.

Je, upweke uliisha? Hapana. Nikitoka kwa Mama Ngoie, nyumba bado ni tupu na sima bado hunizidi kipimo. Kuna Ijumaa ninaposhika nondo za dirisha la saluni mpaka wenzangu wapite. Sijaja kuwauzia ushindi rahisi.

Lakini yaya alisikia habari za dumu, maana Manika na Musonoi ni mdomo na sikio. Jumapili moja alinikuta benchini kwa Mama Ngoie, na nyuma yake alikuwa Merveille, amekuwa mrefu. Mtoto hakunikumbatia. Alinisogelea polepole, akaleta uso wake karibu na wangu kama anayetaka kunong'ona, akanusa mdomo wangu. Mbele ya watu wote. Nilifungua mdomo kidogo, nikamwacha apime.

Akamgeukia mama yake mkubwa. "Yaya, iko munkoyo tu."

Ndipo akapanda mapajani mwangu. Jioni aliondoka tena na yaya, na yaya akaniambia, "Jumapili ingine tutakuya." Wamekuja. Wanaendelea kuja. Bado hajalala nyumbani kwangu, na ninamwachia Mungu na yaya wachague siku. Safari hii, akiondoka, analia. Nisameheni, lakini machozi yale ninayashukuru!

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mama Ngoie na mchi wake. Na wewe uliye nje ya dirisha, unayejiambia kwamba una Ijumaa tu, Bwana anaujua mlango wako. Mruhusu auvunje kabla moshi haujakupata. Usiwe na aibu ya kuja kwangu pia. Nyumba yangu ni ya pili baada ya kwa Mama Ngoie. Fundi seremala ameniuliza mara nyingi anitilie komeo jipya, nami nimemwambia aache kwanza.

Usibishe hodi. Sukuma tu, utaingia.