Programu Iliyoambiwa Iseme Yote

Asubuhi hiyo upepo wa Wellington ulikuwa umeshamwaga kahawa za watu wawili, na benchi la nje ya kibanda cha kahawa cha Mtaa wa Cuba lilikuwa na wale wale. Kulikuwa na Profesa, mwenye miaka ishirini ya kuandika programu kwa lugha ya Java na jibu la kila swali. Kulikuwa na Zima-Washa, ambaye dawa yake ya kila ugonjwa iko kwenye jina lake. Na kulikuwa na Sefina Leota, laptopu mapajani, roho juu. Programu yao ya kuagizia wagonjwa dawa ilikuwa inameza oda tangu alfajiri, na mojawapo ilikuwa insulini ya shangazi yake kule Porirua. Shangazi alishapelekewa kwa teksi, lakini wengine je? Kibaya zaidi, programu ikizimwa tu, ugonjwa hupona na ushahidi wote hupotea, mpaka ugonjwa urudi wiki nyingine. Na bosi alishasema: saa nne kamili inazimwa. Ilikuwa saa nne kasorobo.

— Zima, washa, — alisema Zima-Washa. — Maji yakimwagika hayazoleki.

— Methali hiyo inakukataza kumwaga, bwege we! — Sefina alimjia juu.

— Kwani logi inasemaje? — aliuliza Profesa.

Logi ni daftari ambalo programu hujiandikia yanayoisibu. Hii yao ilifundishwa kunyamaza na kuandika makosa tu, ili diski isijae.

— Nimeshaipandisha kiwango, — alisema Sefina. — Kutoka “makosa tu” mpaka “sema yote”, hivyo hivyo ikiwa kazini. Nimetuma ombi moja kupitia mlango wa wasimamizi, ikakubali.

— Ehe?

— Inaropoka mpaka aibu! Nimefungua hiki, nimefunga kile. Dakika arobaini sasa. Oda mbili zaidi zimepotea, na daftarini hamna hata herufi moja juu yake.

Profesa alipuliza kahawa yake.

— Umekosea njia, mwanangu. Mimi ningebadilisha faili la mipangilio, ikalisoma yenyewe kila nusu dakika. Mlango wa wasimamizi ni wa watoto.

— Profesa, kiwango kimebadilika! Ona mwenyewe!

— Basi imejua inasikilizwa. Java ya siku hizi ina haya. Mbele za watu inajifanya mtoto wa mchungaji.

— Haya wapi! — alidakia Zima-Washa. — Ni lile tetemeko la juzi. Limetikisa seva, maandishi yakadondoka.

— Seva ziko Sydney, kaka, — alisema Sefina.

— Tetemeko linaomba viza?

Sefina alitamani kulia. Hapo ndipo alipofika Ngaire, mpokea simu wa ofisini, ambaye hajawahi kukaa benchi lile.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, — alisema Profesa kwa kejeli, akimsogezea nafasi ya kiganja kimoja.

— Jamani, mi Java siijui, — alisema Ngaire. — Ila mwezi ule simu zilipotuzidi, mlitutangazia programu imetolewa nakala, zigawane kazi. Sasa dada Sefina, umeiambia ipi iseme yote?

Sefina alirudisha macho kwenye skrini. Ombi lilikuwa moja. Lilipokelewa na nakala moja, ndiyo hiyo inayoropoka, nzima kama ng'ombe. Inayomeza oda iko pembeni, bado imefunga mdomo kama ilivyofundishwa.

— Mungu wangu! Nimemhoji asiyeumwa!

— Kwani ziko ngapi? — aliuliza Ngaire.

Zima-Washa alimtazama Profesa. Profesa ndiye aliyezipanga zijiongeze na kujipunguza zenyewe kadiri ya kazi, na ofisi nzima ilimkatia keki.

— Inategemea, — alisema Profesa.

Sefina alishafunga laptopu, anakimbilia ngazi za ofisini.

— Zima-Washa! Kamzuie bosi, mshike hata mkono! Leo tu, nakuomba, usizime kitu mpaka niziambie zote ziseme!

Akaenda mbio, Zima-Washa nyuma yake, kofia ikabaki na upepo. Benchi likabaki na watu wawili.

— Inategemea, ngapi? — aliuliza tena Ngaire.

Profesa alikiinamisha kikombe chake. Kahawa ilikuwa imekwisha.