Doa kwenye Gitaa la Heritier

Kijiwe chetu kiko Rusimbi, kwenye kona ya duka la mbao, mbele ya meza yangu ya kuchongea funguo. Ni benchi moja lililopinda katikati na kreti mbili za soda. Alasiri ikishaswaliwa, Mwanvua anakuja na birika lake la kahawa na sahani ya kashata, na hapo ndipo dunia inapoanza kurekebishwa. Wa kudumu ni wawili. Mzee Yassir tunamwita Nahodha, ingawa alikuwa karani wa mizigo bandarini na hata mtumbwi hajawahi kuushikia kasia. Kalisti ni bodaboda. Huyo ni Waziri, kwa sababu hakuna jambo lisilo chini ya wizara yake. Mimi ni Nehemia, wananiita Kufuli kwa kuwa sisemi sana. Jumanne ile tulikuwa tunabishana kuhusu bei ya mawese, Heritier akatokea na gitaa lake amelifunga kwenye kitenge cha mama yake. Alilibeba mbali na mwili, kama mtu aliyebeba nyoka na kuambiwa amekufa.

— Shikamoo, Nahodha.

— Marahaba, Solo. Leo umelivalisha kitenge, linaolewa?

Heritier hakucheka, naye ni mtu wa kucheka. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Uvira, yeye kazaliwa hapa hapa Ujiji, na tangu akiwa mdogo anapiga solo kwenye kwaya ya kanisa lao na kwenye harusi za watu. Gitaa lake la umeme, jeupe, linajulikana kuliko yeye.

— Naenda kulitupa, alisema. Nafika Kibirizi, nakodi mtumbwi, nikifika kwenye kina naliachia.

Mwanvua alisimamisha birika hewani.

— Kutupa nini, mwanangu?

Akalifungua, akaliweka kwenye kreti. Ule weupe ulikwishageuka zamani, ukawa rangi ya samli, hilo tulilijua. Lakini ubavuni kwa juu, pale mkono wa mpigaji unapoegemea, rangi ilikuwa imebanduka upana wa kiganja, mbao iko wazi, na ukingo wa rangi iliyobaki umepasukapasuka kama tope la kiangazi. Na kwenye ukingo ule palikuwa na doa. Sehemu jeusi, sehemu la kahawia, sehemu bado jekundu.

— Ijumaa nimelifuta, alisema Heritier. Jumapili baada ya ibada limerudi. Nikalifuta tena. Jana mazoezini limerudi. Mama ameliona, amesema halilali ndani ya nyumba yake.

Waziri alijisogeza, akakunja uso wa kitaalamu.

— Oya, hilo ni jasho. Jasho la mtu lina chumvi. Gitaa likivuma sana huchubuka, wahenga walisema.

— Wahenga walisema ngoma, tena hupasuka, alisema Mwanvua.

— Wahenga hawakuwa na umeme, mama. Sasa jasho likikutana na umeme linaunguza rangi. Wekundu ule ni kutu.

— Kutu ya mbao? aliuliza Nahodha. Waziri, wewe rudi kwenye pikipiki yako. Hili gitaa la mtumba, si ndiyo? Lilitoka wapi, Solo?

— Bujumbura. Nalo lilitoka mbali kabla ya hapo.

— Unaona! Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mwenyewe wa kwanza amekufa huko alikokufa, sasa analitaka. Bandarini tuliwahi kushusha kinanda cha marehemu. Kila tukikiweka chini, kinalia chenyewe.

— Nahodha, hicho kinanda mwaka jana kilikuwa cherehani, alisema Mwanvua.

— Vilikuwa viwili.

Tulicheka kidogo. Heritier alikuwa anaitazama barabara.

— Kuna jingine, alisema taratibu. Linanikataa. Kile kiplastiki cha kukwarulia nyuzi kinanidondoka. Jumapili kimenidondoka mara tatu katikati ya wimbo. Vidole vinakuwa kama si vyangu. Mwalimu wa kwaya amenitazama hadi nikaona haya.

Hapo kicheko kikafa. Waziri akatoa ufunguo wa pikipiki, akakwangua doa kwa ncha, akaunusa. Nilimwona uso unabadilika.

— Jamani. Hii siyo kutu. Hii damu.

Mwanvua alisema jina la Mungu.

— Basi si marehemu, alisema Waziri, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Ni mtu wa karibu. Mtu kalipaka dawa. Yule anayepiga besi, Feliksi, si aliitaka solo tangu Pasaka? Kikulacho ki nguoni mwako. Dawa ile inamnyonya mpigaji, gitaa linashiba, linatapika.

— Linatapika damu ya nani? aliuliza Nahodha.

— Ya kwake!

— Acha, Waziri, nilimwambia.

— Naacha vipi, Kufuli? Mtu vidole vinakufa, gitaa linavuja damu! Na ukilitupa ziwani ndiyo umelimaliza? Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Litarudi kwenye wavu wa mtu. Mtoto wa mtu ataliokota.

— Lichomwe, alisema Nahodha.

— Likichomwa, na yeye je? Kama wameshafungwa pamoja?

Heritier alishika kichwa. Kikombe alichopewa na Mwanvua kikainama mkononi mwake wa kulia, kahawa ya moto ikamwagikia vidoleni. Hakushtuka. Nililiona hilo, nikadhani ni hofu tu.

Ndipo akaja mama mmoja.

— Mwidiwe, alisema, kama Waha wanavyosalimiana jioni.

— Mwidiwe, tuliitikia.

Alikuwa wa makamo, kajitanda kitenge, ndoo ya dagaa wakavu miguuni. Jina lake Winfrida, ametoka Mwamgongo kwa boti ya asubuhi, anataka nimchongee ufunguo wa pili wa kufuli la stoo kabla hajarudi. Nikaanza kupiga tupa. Mwanvua akampa kahawa. Waziri, ambaye hawezi kunyamaza mbele ya mgeni, akamweleza yote: damu, marehemu wa Bujumbura, Feliksi wa besi, vidole vinavyokufa. Winfrida alisikiliza huku akimtazama Heritier, si gitaa. Halafu akauliza:

— Kaka, linapokukata, unaumia?

Heritier akauvuta mkono wa shati chini.

— Halimkati, dada, alisema Waziri. Linatoa damu lenyewe.

— Mbao haina damu.

Akainama, akapitisha kidole polepole kwenye ukingo ule wa rangi iliyopasuka. Akakivuta haraka.

— Ukingo huu ni mkali kama kigae. Nimeuliza, unaumia?

Nilimtazama Waziri, Waziri akamtazama Nahodha. Wote watatu tulikuwa na majibu ya marehemu na ya dawa. Swali hilo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

— Kunja shati, alisema Winfrida.

— Kwa nini, yaya? alisema Heritier, yaani dada, kama wanavyoita kwao Uvira. Hakuna kitu.

— Kunja.

Siku ile alikuwa amevaa mikono mirefu, na joto la Ujiji mnalijua. Alikunja kidogo kidogo, kama mtu anayevuliwa nguo hadharani. Chini ya kiwiko, upande wa ndani, palikuwa na baka lenye rangi hafifu kuliko ngozi yake nyingine, kubwa kama jani la mkorosho. Juu ya baka hilo mikwaruzo: mingine imekauka, mingine mibichi.

— Sikuwaambia, alisema Heritier. Nazikuta tu. Narudi mazoezini, nakunjua mikono ya shati niliyoikunja nikipiga, nazikuta. Nilijua kuna kitu kinanila. Nilijua ni hili gitaa. Niliogopa kusema.

Winfrida alivuta uzi wa pamba kwenye pindo la kitenge chake, akausokota ncha.

— Funga macho. Kila nikikugusa, nionyeshe kwa kidole niliposhika.

Alimgusa mkono wa kushoto. Heritier akaonyesha palepale. Akamgusa bega la kulia. Akaonyesha. Akamgusa shavu. Akaonyesha, hata akatabasamu kidogo, maana unatekenya.

Halafu akaugusisha uzi kwenye baka.

Heritier alikuwa ametulia, macho amefumba, kidole cha kushoto kiko tayari.

Akagusa tena katikati ya mikwaruzo. Akagusa pembeni. Akashuka, akagusa kidole cha mwisho, akarudi juu. Mwanvua alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa mtandio. Nahodha aligeuza uso.

— Mbona umeacha, yaya? alisema Heritier. Endelea.

Nikaiweka tupa mezani.

— Yaya?

— Fumbua macho, alisema Winfrida.

Alipofumbua, alikuta uzi umelala juu ya mkono wake, na kidole cha Winfrida kimeukandamiza.

Nimeona watu wakiogopa. Nimewahi kuwa ndani ya boti iliyokuwa inajaa maji. Lakini sijaona mtu akiutazama mkono wake mwenyewe vile.

— Ni nini hiki? aliuliza.

— Mimi si daktari. Ila mama yangu alianza hivi hivi. Alikuwa anaungua na mafuta ya mawese jikoni, hajui mpaka anuse harufu. Tukamzungusha kwa waganga miaka miwili, tunamtafuta aliyemroga. Vidole vikajikunja, havikurudi. Siku tulipompeleka zahanati, walimfanyia hivi nilivyokufanyia. Wakasema ukoma.

Waziri alisimama. Sidhani kama aliamua; miguu ilimnyanyua tu, akajikuta amesimama kando ya pikipiki yake. Mwanvua akakitazama kikombe cha Heritier pale kwenye benchi, na Heritier akamwona. Akakiweka chini, mbali na vingine.

— Nimelala na mama kitanda kimoja tangu mdogo, alisema Winfrida kwa ukali, na alikuwa anatuambia sisi. Nimemlisha, nimemwogesha. Sina kitu. Dawa zipo, hazilipiwi, na mtu akishaanza kuzimeza haambukizi. Kaka, umesikia? Usilale na hilo neno. Kesho asubuhi uende zahanati.

Alichukua ufunguo wake na ndoo yake, akaenda.

Waziri akabaki amesimama, anachezea breki. Halafu akasema, bila kututazama:

— Kesho saa moja nitakuwa mlangoni kwako, Solo. Nitakupeleka.

— Si unaogopa?

— Naogopa. Nitakupeleka.

Tulikwenda sote kwenye pikipiki ya Waziri, yeye, Heritier na mimi, mimi nyuma kabisa nimebanwa na mfuko wa Heritier. Kule kituo cha afya muuguzi alimfunga macho, akatumia pamba, nasi tukageukia ukutani, tusione tena. Walimgusa mishipa ya kiwikoni, wakachukua vipimo, wakathibitisha. Alimeza dozi ya kwanza mbele ya muuguzi, akapewa pakiti ya mwezi. Wakasema amewahi, vidole vinaweza kupata nguvu tena. Kuhusu baka hawakuahidi kitu. Huenda pale pasihisi tena maisha yake yote, na kazi yake sasa ni kupakagua kila siku, asubuhi na jioni.

Mama yake, Mama Angelina, aliitwa akapimwa, hana kitu. Alilia siku mbili, siku ya tatu akaenda mwenyewe duka la mbao kutafuta msasa. Fundi wa pale akausugua ule ukingo wa rangi mpaka ukawa laini. Doa halikutoka lote. Lilikuwa limeshaingia kwenye nyufa.

Kijiweni Heritier alikaa wiki tatu bila kuja. Nahodha alikuwa wa kwanza kumfuata nyumbani. Sijui walizungumza nini. Alirudi naye, akamkalisha katikati ya benchi pale palipopinda. Mwanvua akamimina kahawa. Akampa kikombe mkononi mwake.

Jumapili iliyopita nilikwenda kanisani kwao, mimi ambaye si muumini wa pale, nimsikie. Mama Angelina sasa anakaa benchi la mbele kabisa. Heritier alipiga polepole kuliko zamani, na kiplastiki kilimdondoka mara moja. Wimbo wa kwanza ulipoisha, aliugeuza mkono wake wa kulia, akauinua kidogo kumwonyesha mama yake. Mama akainama mbele, akaukagua polepole kutoka kiwiko hadi vidole, akatikisa kichwa kuwa hakuna kitu, na wimbo wa pili ukaanza.