Tharsisi Ntahondi, Aliyesimama Mlangoni Busunzu

Ndugu waombolezaji, wenyeji wa Busunzu na ninyi mliotoka Muyama, Kasulu na Kibondo mjini, mimi ni Bazilio Ntahondi, karani mstaafu, nimepewa na ukoo kazi ya kusoma maisha ya mdogo wangu, na kwa kuwa mengi yamesemwa juu yake tangu juzi, mengine hapa hapa mbele ya jeneza, nitasoma polepole ili asije mtu akadai hakusikia.

Tharsisi Bitwale Ntahondi alizaliwa Muyama, wilaya ya Kasulu, tarehe 9 Februari 1930, akiwa mtoto wa tano wa Mzee Ntahondi na Mama Skolastika, ambao wote wametangulia. Alianza shule ya misheni Januari 1939, akamaliza darasa la sita Desemba 1944, na baada ya miaka mitatu ya kulima na wazazi akapelekwa Kigoma kujifunza kazi ya udresa, akahitimu tarehe 30 Novemba 1950. Alifanya kazi Kasulu hadi Mei 1957, alipohamishiwa zahanati ya Busunzu, na hapo alibaki miaka ishirini na miwili, akifunga vidonda, akichoma sindano, akizalisha wake zenu pale mkunga alipokuwa mbali. Hakuwa mtu wa maneno, na wanawe wenyewe walimwogopa, jambo ambalo sitalificha kwa sababu tu amekufa.

Tarehe 26 Julai 1958, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Esteri, binti wa marehemu Mzee Niyitegeka na Mama Kezia wa kijiji hiki, na kwa kuwa Tharsisi hakuwa na shamba hapa, mkwewe alimpa sehemu ya kujenga, ndiyo hii tuliyokalia. Walijaliwa watoto wawili, Makarius, aliyezaliwa mwaka 1959, na Winifrida, aliyezaliwa mwaka 1962.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengine wameniomba nilipite. Sitalipita.

Tarehe 17 Februari 1978 kipindupindu kiliingia Busunzu, kijiji kikafungwa kwa kamba na walinzi, na bwana afya wa wilaya akatoa amri kwamba maiti isioshwe, isikeshewe, watu wasilie pamoja wala kula pamoja, bali mwili ulowekwe dawa, ufungwe shuka na kuzikwa siku hiyo hiyo. Bwana afya alisoma amri akaondoka, aliyebaki kuitekeleza ni Tharsisi, na nyote mnajua ni uchungu gani kumnyima mtu maji ya mwisho. Kuna kijiji jirani, sitakitaja, ambacho kilisema amri ile ni ya watu wasio na ndugu, wakaosha wafu wao, wakala matanga kama kawaida, wakazika watu arobaini na sita. Hapa wagonjwa walikuwa thelathini na mmoja, na waliokufa ni wanane.

Wa sita kati ya hao wanane alikuwa Esteri. Alikuwa akichemsha maji ya wagonjwa tangu siku ya kwanza, akaugua Ijumaa tarehe 3 Machi, akafa kesho yake saa sita mchana. Mama Kezia alikuja na kitambaa na maji ya moto kumwosha mwanawe, akamkuta Tharsisi amesimama mlangoni, mikono ameitandaza huku na huku. Ninyi mnajua desturi yetu, kwamba mkwe akikutana na mama mkwe njiani humpisha, hata kama ni kuingia kwenye miiba, na Tharsisi alikuwa amempisha Mama Kezia miaka ishirini. Siku ile hakupisha. Mama alimpiga kwa fimbo yake mara tatu, mbele ya watu, naye akasema, "Piga, mama. Ila hutaingia." Shemeji yetu Reverien, kaka wa Esteri, aliyekuwa amesimama uani, akapaza sauti, "Hata ng'ombe hulia mwenziwe akichinjwa! Wewe dresa umekunywa dawa gani?" Tharsisi alimfunga mkewe shuka kwa mikono yake, akamzika kule nyuma ya migomba, na saa tisa alikuwa amerudi zahanati kwa wagonjwa.

Hapo ndipo lilipoanzia jina la Gogo, yaani mti mkavu usiolia, ambalo mmemwita hadi juzi.

Mimi nilifika Jumatatu tarehe 6 Machi, nikazuiwa kwenye kamba, tukazungumza tukiwa mbali kama hatua thelathini. Aliniomba nimwandikie Makarius, aliyekuwa shuleni Tabora, kwa kuwa karatasi yoyote haikuruhusiwa kutoka kijijini, nami niliandika kama alivyotamka, wala sikuongeza neno: "Mama yako amefariki Jumamosi saa sita mchana. Usije, kijiji kimefungwa. Dada yako ni mzima. Soma." Nikamwuliza, maana nami lilinichoma, kwa nini hata chozi hakuna. Akanionyesha mikono, imebabuka kwa dawa hadi kwenye viwiko, akasema, "Kaka, nikilia nitajifuta macho, na mikono hii imetoka kwa wagonjwa sasa hivi. Nikianguka mimi, nani atawanywesha hawa?"

Kamba iliondolewa tarehe 29 Aprili. Sitawadanganya kwamba alilia baadaye, kwani kama alilia mimi sikuona, nilichoona ni kwamba kila Jumapili alipalilia kaburi la mkewe, na Jumatatu alikuwa kazini. Basi mnaosema hakuwa na moyo, niambieni mlitaka moyo ufanye nini zaidi, na mkishaniambia, hesabuni mko wangapi hapa uani, maana wengi wenu mlikuwa ndani ya kamba ile, na mnamsema mkiwa hai.

Mwezi Juni mwaka huu alianza kuumwa tumbo, akaendelea na kazi hadi Septemba, akalazwa Kibondo tarehe 11 Oktoba, ambako waligundua uvimbe kwenye ini, na akafariki Alhamisi tarehe 8 Novemba 1979, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Tarehe 2 Novemba aliniambia, "Kaka, unilaze kwa Esteri." Katika maisha yetu yote ndilo jambo la kwanza alilowahi kuniomba kwa ajili yake mwenyewe.

Jana Reverien alileta ujumbe kwamba shamba ni la Niyitegeka, Gogo halitalazwa humo, tumpakie lori tumrudishe Muyama. Baadhi ya wazee wetu walikubali ili kuepusha ugomvi, mimi nilikataa, nikamwendea Mama Kezia saa kumi jioni, nikakaa chini, nikamweleza ombi la marehemu. Akasema, na Reverien alikuwepo akisikia: "Mkwe wangu nimemchukia mwaka mzima na miezi minane, wala sijaacha. Mzikeni pale. Mimi ni mzima, nina nguvu za kuchukia, na hizo ni yeye aliyeniachia." Reverien akasema, "Mama, watu watatuonaje?" Akajibiwa, "Watakuona umeshika jembe. Nenda kachimbe." Na amechimba, ninamshukuru.

Ukoo unawashukuru waganga na wauguzi wa Kibondo, majirani wa Busunzu waliomlimia mihogo alipolazwa, wafanyakazi wenzake wa zahanati, na Bwana Khatibu Hilali, mwenye duka, ambaye wakati wa kamba alitoa shuka, chumvi na sukari hadi rafu zikabaki tupu. Mama Kezia simshukuru, kwa sababu alinikataza.

Leo hakuna amri, anayetaka kulia na alie kwa sauti apendayo, na asiyelia asiangaliwe na mtu.

Tharsisi, mdogo wangu, zamu yako imekwisha, Esteri yuko mkono wako wa kulia, pumzika kwake kwa amani.