Papa Nestor Mumbere, Aliyesimama Mbele ya Kila Kitu

Tarehe 30 Juni 2013, baada ya miaka kumi na tisa na miezi mitano ya utumishi, Papa Nestor Mumbere, mpiga picha wa Umoja wa Wakulima wa Mlima na Msitu, amestaafu rasmi. Aliajiriwa tarehe 1 Februari 1994 ili apige picha za wakulima wa Masisi na Walikale. Ukiondoa miaka miwili ya kwanza, wakulima wanaoonekana vizuri katika picha zake wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na dole gumba linabaki bila kazi. Papa Nestor mwenyewe anaonekana katika picha zaidi ya elfu tatu.

Mkurugenzi ameniomba mimi, karani Fifi Kahambu, niandike wasifu huu, kwa sababu ndimi niliyepiga chapa maelezo ya chini ya picha hizo zote. Ameniomba pia niwe na heshima. Nitajaribu.

Papa Nestor alizaliwa Butembo mwaka 1953, katika ukoo wa wafanyabiashara. Ndugu zake wanauza saruji, mabati na chumvi, na malori yao yanajulikana toka Beni hadi Walikale. Yeye alipewa duka la nguo, likafungwa baada ya mwaka mmoja, maana kila mteja aliyeingia alimkuta muuzaji amekishika kioo cha kujaribia nguo na hataki kukiachia. Kaka yake mkubwa, Papa Katembo, akamnunulia kamera, akisema kwamba walau mashine hiyo itamlazimisha kuangalia watu wengine. Binadamu hupanga, Mungu hupangua.

Tuseme ukweli, alianza vizuri. Miaka miwili ya kwanza alipiga ng'ombe, mbegu, mitaro na watu wenye majembe, kama mkataba ulivyosema. Halafu ikaja siku moja ya mwaka 1996, kwenye barieri, kizuizi cha njia ya Kibabi, ambapo wenye bunduki wa msimu ule walimteremsha kwenye pikipiki na kuikamata kamera. Wakati ule mtu mwenye kamera alihesabiwa mpelelezi, na mpelelezi hakuulizwa maswali mengi. Kamanda akamwambia: “Weye uko unapiga picha ya kambi yetu.” Papa Nestor akatoa jibu lililomtengenezea maisha: “Hapana, chef. Miye niko najipiga miye mwenyewe tu.”

Akatakiwa kuthibitisha. Akaiweka kamera juu ya jiwe, akabonyeza kile kitufe kinachohesabu sekunde kumi, akakimbia mbele ya lenzi, akainua kidevu. Kamanda alicheka hadi akakohoa. Papa Nestor akapita na kamera yake, filimu yake na masikio yake yote mawili. Wiki iliyofuata, kwenye barieri nyingine, akafanya vilevile, na vilevile akapita.

Kwa miaka iliyofuata bunduki zilibadilisha mabega mara nyingi, na kila aliyekuja alisema amekuja kutukomboa kutoka kwa yule aliyetukomboa kabla yake. Lakini wote walimjua “ule papa mwenye kujipigaka.” Ofisi yetu ikafika hatua ya kuandika katika barua yake ya safari, yenye mihuri mitatu: “Ameruhusiwa kujipiga picha yeye mwenyewe.” Niliipiga chapa barua hiyo kwa mikono yangu, na sikucheka, kwa sababu wengine waliosafiri na barua za maana zaidi hawakurudi.

Matokeo yake yako katika ripoti zetu. “Mpiga picha mbele ya daraja la Mpofi.” Miezi sita baadaye: “Mpiga picha mbele ya mahali palipokuwa na daraja la Mpofi.” Kuna mpiga picha mbele ya shule, na mpiga picha mbele ya shule ileile ikiwa kambi. Kuna mpiga picha mbele ya ghala, shati ileile nyeupe, tai ileile ya kuazima kwa mkurugenzi, ila ghala halina paa. Wafadhili walituandikia kutoka Ulaya wakiuliza ni nani huyu mkulima mmoja anayefaidika na miradi yote, na kwa nini analima amevaa tai. Hatukuwajibu. Tungeanzia wapi?

Mwaka 2000 akafika mama mmoja Mzungu, mgeni wa mradi wa visima. Visima havikumvutia. Alipita ghala la mbegu, akaona picha za Papa Nestor zimeanikwa kwenye kamba, akasimama, akatoa kitambaa, akapangusa macho. Akasema hiyo ni sanaa, na kwamba ina jina, autoportrait, yaani picha ya kujipiga mwenyewe. Siku hiyo ndiyo tulimpoteza Papa Nestor. Ujanja wa kuokoa ngozi uligeuka kuwa wito, na mtu aliyekuwa akijipiga picha kwa woga akaanza kujipiga kwa kiburi.

Nani katika ofisi hii amesahau maandalizi ya maonyesho? Wiki tatu kabla, kazi nyingine zote zilisimama. Nusu ya ghala ikawa chumba cha giza, na maharage ya mbegu yakanuka dawa za picha. Shati ilipigwa pasi ya makaa kila asubuhi, hata mvua ikinyesha. Seremala Hakorimana alitengeneza fremu kwa mbao za msitu wa Walikale, nzito kiasi kwamba moja ilitaka wanaume wawili. Mhandisi wetu wa kilimo, Papa Jacques, mwenye diploma ya Bukavu, alishika bati la kurudisha mwanga kwenye uso wa Papa Nestor kwa miaka sita, na nadhani ndiyo kazi aliyoifanya kwa ukamilifu kuliko zote. Maonyesho yakafanyika Goma, Bukavu, kisha miji mitatu ya Ulaya. Picha zilipata viza. Mwenye uso hakupata, akabaki hapa akiwasha redio kila jioni, akingoja jina lake litajwe katikati ya habari za vita.

Mwezi wa kumi 2008 vita vilifika mlangoni pa ofisi yetu ya Masisi. Tulikuwa na lori moja na muda usiotimia saa moja. Amri ilikuwa wazi: mbegu kwanza. Papa Nestor alitangulia na fremu zake kumi na nane, akazipanga sakafuni mwa lori, na alipomaliza nafasi ya mbegu ilikuwa imekwisha. Tulisafiri hadi Walikale tumekaa juu ya uso wake. Filimu zote alizisahau kabatini, na kabati likafanywa kuni na hao waliokuja. Msimu ule watu wa mlimani hawakupata mbegu kutoka kwetu. Nilikaa miezi miwili bila kumsalimia, na sijutii.

Sasa nifike kwa Mama Mukasine, maana bila yeye wasifu huu ungeishia kwenye masihara.

Tuliporudi Masisi mwaka 2009, Papa Nestor alifanya maonyesho ya fremu zilizookoka. Picha namba tisa iliitwa “Mpiga picha mbele ya viazi, Kibabi, 1999.” Juu ya bega lake la kushoto, nyuma kidogo, anaonekana mwanaume ameegemea jembe. Mama Mukasine, mkulima wa Kibabi, alikuja kama wengi, kwa ajili ya fanta. Alipofika namba tisa aliiweka chupa chini. Yule mwanaume alikuwa bwana yake, Viateur Nsengimana, aliyeuawa mwaka 2003 akirudi kutoka sokoni. Wiki ileile nyumba yao ilichomwa, na picha ya ndoa na kadi yake ya uraia viliungua humo. Sura ya Viateur haikubaki popote duniani, isipokuwa pale, nyuma ya sikio la Papa Nestor. Binti yao, Igiraneza, alikuwa na miezi mitano baba alipokufa.

Mama Mukasine alimwendea palepale. “Papa Nestor, unikatie bwana yangu. Weye uko na picha mingi, miye niko na ile moya tu. Mutoto anauliza papa yake alikuwa namna gani. Nimujibu nini?”

Papa Nestor akajibu: “Picha haikatwake, Mama.”

Alimpa nakala nzima, ndogo, ya zamani, iliyobaki katika ripoti, uso wa Viateur humo ukiwa kama punje ya harage, na sahihi yake kubwa pembeni. Baada ya wiki Mama Mukasine aliirudisha, imefungwa vizuri ndani ya kitenge. “Siwezi kutundika mwanaume mwingine mu nyumba. Mutoto atazani weye njo papa yake.” Basi Papa Nestor akajaribu kuupiga picha ule uso peke yake, kwa kamera mpya ya ofisi iliyokwisha kuangushwa kwenye barieri mara mbili, na Viateur akatoka kama donge la fufu. Papa Nestor akasema hiyo ni dalili kwamba Mungu anataka picha ibaki nzima. Mama Mukasine alirudi mwaka uliofuata, na uliofuata, na mwingine tena, kwa miguu toka Kibabi, na kila mara jibu lilikuwa lilelile. Sitaficha: miaka hiyo nilimchukia Papa Nestor. Mtu ana nyuso zake zaidi ya elfu tatu, ananyima mtoto uso mmoja.

Maonyesho ya kuaga yalipangwa Ijumaa tarehe 28 Juni. Aliyaandaa miezi mitatu. Namba tisa, kubwa kuliko zote na iliyosifiwa na Wazungu, ingetundikwa katikati ya ukuta, mkabala na mlango. Asubuhi ile nilifungua ukumbi nikakuta namba tisa ina tundu. Tundu la mraba, kama kibiriti, juu ya bega la kushoto, limekatwa kwa wembe bila kutetereka. Mkurugenzi alipiga kelele kwamba ni panya, halafu kwamba ni adui. Papa Nestor alikuwa pembeni akinyoosha tai. “Haiko panya. Njo miye nimemutoa,” akasema. “Sasa niko peke yangu, vile nilitakaka.”

Dereva ndiye aliyetuambia kwamba Alhamisi alimpeleka Kibabi kwa pikipiki, na kwamba Papa Nestor alikuwa na kifurushi kidogo alichokishika kwa mikono miwili njia nzima, hata kwenye matope, ambapo mtu mwenye akili hushika pikipiki.

Saa tano Mama Mukasine aliingia na Igiraneza, ambaye sasa ana miaka kumi. Mtoto alikumbatia fremu ndogo ya Hakorimana, na ndani yake kipande chenye uso wa baba yake. Wageni walikuwa wamekwisha kujaa. Walisimama mbele ya namba tisa, wakachungulia tundu, kisha wakaenda kwa mtoto kuona kilichotoka humo. Picha nyingine kumi na saba hazikuangaliwa na mtu. Papa Nestor alitembea mbele ya picha hizo huku na huku, akikohoa, na sikuwahi kumwona mtu mzima aliyekosa pa kuweka mikono namna ile.

Igiraneza akamfuata katikati ya ukumbi. “Papa Nestor, papa yangu iko anacheka. Alikuwa anacheka nini?”

Nikasogea kuangalia. Kweli, Viateur anacheka. Picha hiyo nimeiandikia maelezo, nimeikalia ndani ya lori, nimeitundika mara nne, na siku zote nilidhani anakunja uso kwa jua.

Papa Nestor aliangalia tai yake, akamwangalia mkurugenzi, akaangalia dari. “Alikuwa ananicheka miye,” akasema. “Nilibonyeza mashini, nikakimbia, nikateleza, nikaanguka mu viazi. Suruali ikapasuka huku nyuma. Mu picha haionekane kwa sababu nilisimama vizuri mbele. Lakini papa yako yeye alikuwa nyuma. Aliona yote.”

Miaka kumi na minne alikuwa ameitunza siri hiyo. Kama ndiyo iliyomfanya akatae kukata, hakusema, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikutaka kuuliza.

Igiraneza hakuridhika. Akataka kujua baba yake alikuwa anacheka namna gani. Papa Nestor akavua tai, akampa Papa Jacques aishike. Akaenda hadi ukutani, akahesabu kwa sauti, akakimbia, akateleza kwenye sakafu ya ukumbi mbele ya wageni wote, akaanguka kifudifudi na ile shati nyeupe. Kisha akainuka, akasimama upande wa pili, sasa yeye ni Viateur: akashika jembe lisilokuwepo, akajikunja, akashika tumbo, akacheka kile kicheko, na kumalizia na mluzi mdogo wa pua. Mama Mukasine alipousikia mluzi alisema “Njo yeye,” akajifunika uso kwa kitenge. Mabega yake yakatikisika. Sehemu kubwa ilikuwa kicheko, ninashuhudia.

Mtoto akasema: “Rudia.” Akarudia mara tatu. Mara ya nne Papa Jacques alilazimika kumwinua.

Umoja wa Wakulima unamshukuru Papa Nestor Mumbere kwa utumishi wake, na unawaomba radhi wakulima wote aliosimama mbele yao. Amejenga nyumba hapa Masisi, nyuma ya parokia, na haendi popote. Papa Nestor, tunakuombea barabara zisizo na barieri, mwili usiougua na magoti yenye nguvu, maana Igiraneza ameahidi kupita kwako kila Jumapili baada ya misa, na hatakuja kuangalia picha.