Mrija Ambao Marehemu Dada Yetu Hakuumwaga

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1959, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga. Mama alisimulia kwamba alikuja duniani amekunja ndita, kama mtu aliyeonyeshwa hesabu asiyoiamini.

Mwaka 1979 alihitimu cheti cha ufundi wa maabara. Darasani alikuwa mwanamke peke yake, na ndiye aliyeongoza. Tunalisema bila haya.

Mwaka 1980 alipata mkataba wa miezi sita kwenye maabara iliyochunguza jinsi mwili unavyomeng'enya asidi nukleiki, zile nyuzi za urithi zilizomo kwenye vyakula, kuanzia maini hadi maharage. "Mnameza urithi wa ng'ombe kila siku," alitutania mezani, "na hakuna aliyeota pembe, maana utumbo unaukata vipande vipande."

Pale maabara waliamini kazi hiyo huanzia kwenye utumbo mwembamba, kwa juisi ya kongosho. Mkataba ukiwa umebakiza wiki mbili, alisahau kutia juisi hiyo kwenye mrija mmoja. Ulikuwa na juisi ya tumbo tu, na nyuzi zilikatika vilevile. Angeweza kuumwaga, asijue mtu. Akaenda kwa mkuu wa maabara.

"Mzee, nimekosea. Lakini njoo uone."

"Umechanganya mirija, binti. Mwaga, osha, anza upya."

"Kuanza upya nitaanza, mzee. Kumwaga, hapana."

Alirudia mara kumi na moja, roho mkononi. Mara zote tumbo lilikuwa limeshaanza kukata kabla ya zamu ya utumbo. Ripoti ilitoka mwaka 1981 ikiwa na jina lake, naye akabaki hapo hadi alipostaafu mwaka 2018.

Tarehe 10 Disemba 1983 aliolewa na shemeji yetu, fundi aliyekuja kutengeneza friji la maabara, kisha akarudi mara nne kulikagua likiwa zima.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Hata wodini aliwafundisha wauguzi safari ya chakula kwa kutumia sahani yake ya mchana. Alifariki tarehe 3 Februari 2025, saa nne asubuhi, mumewe amemshika mkono. Inatuuma sana.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na sisi wadogo zake wawili. Mkuu wake wa zamani, mwenye miaka tisini na mmoja, ameomba ahesabiwe miongoni mwa wafiwa, na tuyasome maneno yake: "Mimi ndiye niliyemwambia amwage. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi."

Apumzike kwa amani dada yetu, fahari yetu.