Darasa la Miwani Laomba Alhamisi Yake

Mgeni rasmi, Naibu Mkuu wa Chuo, binti yetu kwa umri na kiongozi wetu kwa cheo;
Wahadhiri wetu;
Wageni waalikwa, pamoja na wajukuu mliotushika mkono kwenye ngazi;

Hamjambo nyote.

KARIBU SANA

Mgeni rasmi, tumefurahi mno kukuona. Tunajua una vikao, na vikao vyako vina vikao vyake, lakini umekuja kukaa na wazee wasiolipa ada wala kufanya mtihani. Tunakushukuru kwa moyo mweupe.

Tunaomba radhi kwa kukungojesha. Lifti ya jengo hili ni mbovu, na chumba hiki kiko ghorofa ya tatu. Fundi cherehani wetu amepumzika kwenye kila kona ya ngazi, na kila alipopumzika alipata mtu wa kupiga naye soga. Wenzetu wengine wameshindwa kupanda. Wamekaa chini kwenye mabenchi ya mapokezi na wametuagiza tukusalimie.

Mimi ninayesoma ni mpokea simu mstaafu wa hospitali. Nimechaguliwa kwa sababu sauti yangu, wanasema, bado inafika. Maneno haya yameandikwa na kamati ya watu watano, kwa hiyo ukisikia sentensi inakata kona ghafla, ujue hapo palikuwa na ubishi.

TULIKOTOKA

Semina zetu za mtandaoni zilianzishwa na mhadhiri wa elimu ya anga, huyu hapa anayeangalia viatu vyake. Mama yake alikuwa amestaafu ukarani, akawa anashinda nyumbani akigombana na televisheni. Mhadhiri akaona mama ataumia bure, akaomba Chuo kimpe saa moja kila Alhamisi asubuhi afundishe watu wa rika la mama yake kwa njia ya simu. Yeyote aliyevuka miaka sitini aliruhusiwa, awe amesoma sana, kidogo au hakusoma kabisa.

Siku ya kwanza ilikuwa kituko. Mwashi mstaafu alivaa suti na tai, lakini kwenye kioo cha simu tulimwona paji la uso tu. Muuza maua, tunayemwita Bibi Maua, naye aliiweka simu sikioni saa nzima kama anavyopiga simu siku zote, kwa hiyo sote tulifundishwa habari za mwezi tukiwa tunatazamana na sikio. Tukamsikia binti yake akipiga kelele, "Mama, toa simu sikioni!" Naye akajibu, "Nikiitoa nitasikiaje sasa?"

Mhadhiri alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, na nasi tukavua zetu. Tangu siku hiyo tunaitwa Darasa la Miwani.

Tuna utaratibu wetu mmoja. Somo halianzi mpaka kila mtu asalimiwe. Kiranja wetu, mwalimu mkuu mstaafu, humwita mmoja mmoja: "Bibi Maua, umeamkaje?" Bibi Maua hueleza alivyoamka, na akishaanza kueleza goti, tunalisikiliza goti mpaka mwisho. Mwanzoni mhadhiri alikuwa anatazama saa. Siku hizi yeye ndiye anayeuliza, "Na lile goti la kushoto?"

TULIYOYAPATA

Tumejifunza kwa nini mwezi hupungua. Mwanasheria wa Chuo ametufundisha mirathi, na baada ya somo hilo wawili kati yetu walikwenda kubadilisha wosia, jambo lililowafanya watoto wao waanze kupiga simu mara kwa mara. Daktari ametufundisha habari za sukari, ingawa hapa kamati inakiri kwamba kujua ni jambo moja na kuacha ni jambo lingine.

Tumefundishwa pia kuwatambua matapeli wa simu. Hivi karibuni mmoja alimpigia Bibi Maua akamwambia ameshinda gari. Bibi Maua alimuuliza gari ni la rangi gani, linakula mafuta kiasi gani, na kama mama yake mzazi anajua kazi anayofanya. Tapeli akakata simu mwenyewe.

Lakini Mgeni rasmi, sikia lililo kubwa. Tunaye mwenzetu tunayemwita Dereva. Aliendesha malori ya masafa marefu mpaka alipostaafu, kisha kiharusi kikamchukulia upande wa kulia na maneno yake. Mkewe ni mwanafunzi mwenzetu. Alikuwa anamweka karibu naye wakati wa semina ili asikae peke yake chumbani, basi. Kiranja akaliingiza jina lake kwenye salamu. Kila akiitwa, mkewe alijibu kwa niaba yake, "Yupo, mwalimu, anakusikia."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miezi mingi. Alhamisi moja kiranja akaita, "Dereva, umeamkaje?" Hakuna aliyejibu. Mkewe alikuwa ameinuka kwenda kuepua chungu. Sisi hatukujua. Tulidhani mtandao umekata, tukakaa kimya tukingoja, kama kawaida yetu. Tulingoja sana. Kisha tukasikia sauti nzito ambayo hakuna aliyeijua, ikisema, "Ni... po."

Tulisikia kifuniko cha chungu kikianguka. Tukamsikia shemeji yetu akija mbio, akilia na kumwambia, "Sema tena, baba! Hebu sema tena!" Naye akasema tena. Siku hiyo hatukusoma. Mhadhiri alijaribu kufungua somo, akashindwa, akatuambia twende tukapumzike.

Sasa Dereva anaongea. Polepole, lakini anaongea. Mkewe anasema, "Siku nyingine zote namlazimisha kuvaa. Alhamisi ananionyesha shati mwenyewe."

Tena kuna jambo jingine. Kila muhula unapokwisha, mwanafunzi mmoja huwa mwalimu wetu kwa siku moja. Muhula huu tumemchagua Dereva. Amechagua somo mwenyewe: nyota alizokuwa akiziona barabarani usiku bila kujua majina yake. Sasa majina anayajua. Kila asubuhi anafanya mazoezi mbele ya mkewe, na mkewe anasema ameshafika kwenye nyota ya tatu.

YANAYOTUSUMBUA

Madogo tuyaseme upesi. Maandishi yenu kwenye kioo ni madogo mno. Baadhi ya wahadhiri wageni wanaongea kama wanakimbilia basi. Hayo tunavumilia.

Zito ni tangazo la mwezi huu. Linasema mahudhurio ya semina za mtandaoni yameshuka kila muhula, kwa hiyo mwisho wa mwezi zitafungwa. Badala yake tutatumiwa video zilizorekodiwa, na mara moja kwa muhula tutakutana hapa ghorofani.

Tuliposoma kwamba tumepungua, tulitazamana. Mbona tumeongezeka? Ikabidi tukae chini tujichunguze, na tumegundua kwamba kosa ni letu. Tunalisema mbele yako bila kuzunguka.

Siku moja mwaka jana sauti zilikuwa zinakatika, na mhadhiri akasema, "Samahani, wazee wangu, mtandao umeelemewa, leo tuko wengi." Yeye alikuwa anaomba radhi tu. Sisi tukalisikia kama mwenyeji anayesema viti havitoshi. Tukaona aibu. Tukaambiana pembeni, jamani, tusiwaelemee wenyeji wetu, tujibane. Kuanzia hapo majirani wakawa wanakusanyika kwenye simu moja. Kwa fundi cherehani hukaa darasa zima, wengine juu ya marobota ya vitambaa. Kwa mwashi wanajaa sebule mpaka mlangoni. Na kila aliyeongezeka tulimwambia, "Usiingie na simu yako, njoo ukae kwangu."

Kumbe mashine ya Chuo inahesabu simu, haihesabu watu. Kadiri tulivyozidi kuwa na adabu, ndivyo tulivyozidi kupotea kwenye taarifa zenu. Mhadhiri wetu amekwenda ofisini kueleza, akajibiwa kwamba mashine haina sababu ya kudanganya. Ni kweli, haina. Iliona ilichoonyeshwa.

Kuhusu video, tumeitazama ile ya mfano. Ni nzuri, picha safi, mwalimu kanyoa vizuri. Lakini tulipoisalimu haikuitikia. Kiranja aliisalimu mara mbili kwa kuwa ni mtu mstaarabu. Na kuhusu kukutana hapa, Mgeni rasmi, wewe mwenyewe umetuona tulivyofika, na hao ni wale wanaoweza kutembea. Dereva hawezi kutoka nje ya nyumba yake bila watu wawili.

Hatusemi kwa hasira. Tunasema kwa sababu tumeumia. Tulipompelekea mke wa Dereva habari ya tangazo, alituomba tusimwambie mumewe kwanza. Siku ya Dereva kufundisha ni Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao. Semina zinafungwa wiki moja kabla. Mpaka tunaposoma hapa yeye hajui, na asubuhi ya leo alikuwa anafanya mazoezi.

TUNAYOOMBA

Kwanza, tunaomba tuhesabiwe upya, vichwa badala ya simu. Kuanzia Alhamisi hii tutaingia kila mtu na yake, hata wale waliokaa sofa moja. Mtandao ukielemewa, mtatusamehe.

Pili, tunaomba semina zibaki za moja kwa moja, hata kama ni kupitia kioo cha simu kilichopasuka. Tunataka mwalimu tunayeweza kumkatiza.

Tatu, kama vyeti vya kushiriki vitatolewa, vitolewe tukiwa hai. Ombi hili ni la mwashi, na kamati ilimwambia si la haraka. Yeye akasema angalieni umri wangu kisha mseme tena. Tukaliandika.

Nne, lifti. Hatuna la kuongeza.

Tano, na hili ndilo lililotupandisha ngazi. Tunajua huwezi kutangua tangazo ukiwa umekaa kwenye kiti hiki. Kuna bodi, kuna kanuni, na kuna watu wa kuwauliza. Hatukuombi utoe jibu leo. Tunakuomba uisogeze mbele tarehe ya kufunga kwa wiki moja tu, na Alhamisi hiyo uingie darasani kama mwanafunzi. Miaka sitini hujafikisha, lakini tutakuombea ruhusa kwa kiranja.

HITIMISHO

Ukikubali, Mgeni rasmi, utaitwa kwenye salamu kama sisi wote, na utaeleza ulivyoamka. Kisha Dereva ataanza. Kuna maneno yatamgomea. Utaona mdomo unafanya kazi na sauti haiji, na utajua kabisa neno analolitafuta, kwa sababu wewe ni msomi na sisi pia siku hizi tunazijua nyota. Litakuwasha ulimini. Tunakuomba, tafadhali, usimmalizie. Mkewe alitufundisha hivyo. Kaa kimya pamoja nasi, ungoje. Atalifikia mwenyewe.

Mungu akupe afya ya mwili na utulivu wa moyo, akulindie nyumba yako, na wazazi wako kama wapo awape mtu wa kuwaamkia kila siku. Tunakutakia kila la heri, na tunakungoja.

Ni sisi wanafunzi wako,
DARASA LA MIWANI,
Semina za Alhamisi za Elimu Isiyo na Mwisho